Kufuata Michembe Magu

Kila mwezi wa nane nilikuwa nakwenda kijijini kwetu, wilayani Magu, kufuata gunia la michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani. Kaka yangu Masanja alinitunzia bila kukumbushwa. Mwaka ule, soko huria lilipokuwa limeshaingia hadi mashambani, nililihitaji gunia hilo kuliko kawaida. Mshahara wangu wa ualimu ulichelewa, na nyumbani mjini, Mkolani, watoto wangu watatu walikuwa wanashindia uji.

Asubuhi, stendi ya Nyamagana, nilinunua sukari, sabuni na mikate miwili, maana mtu haendi kwao mikono mitupu. Gunia tupu nililikunja, nikalikalia ndani ya basi.

Kutoka Magu mjini nilitembea kama saa nzima. Kila upande ilikuwa miti ya pamba iliyokwisha kuchumwa, hata katika mashamba niliyoyajua kuwa ya viazi. Nilifurahi, na nakiri furaha hiyo kwa aibu. Msimu uliopita wanunuzi binafsi wa pamba walikuja na lori na mizani hadi uani, wakalipa papo hapo, wakati ushirika wa wakulima ulikuwa umetuzoesha kusubiri malipo na vikaratasi mkononi. Kaka akaezeka bati. Mimi, mwalimu wa jiografia, nikamwambia afute matuta ya viazi apande pamba tupu, chakula atanunua. Ndivyo nilivyokuwa nafundisha darasani. Hata michembe yangu nilidhani ataninunulia kwa hela za pamba.

Mchana nilifika. Nikamwamkia kaka shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ndogo. Wifi yangu Kabula alinipokea mzigo. Uani niliona kihenge cha nafaka kimetuna hadi juu, nikatania kwamba mwaka huu wameshiba. Hakuna aliyecheka. Nikainua kipaa chake cha nyasi na kutia mkono ndani. Ulizama hadi kwenye kiwiko, katika pamba.

Ndani ya nyumba nako ilikuwa pamba hadi darini, na watoto walilala juu yake wakipiga chafya. Kaka alinieleza kwamba lori lilikuja mara moja tu. Mnunuzi akasema bei imeshuka huko nje ya nchi, atarudi ikipanda. Hakurudi.

"Nani kaishusha?" nikamuuliza.

"Hakusema. Nilidhani wewe mwalimu unajua."

Nilijua maneno ya vitabuni tu.

Jioni wifi alipika mlenda, akakata mikate yangu vipande iwe mahali pa ugali. Watoto watano walichovya hadi bakuli likawa tupu. Kaka alisema hana njaa, nami nikasema nilikula njiani. Sote wawili tulikuwa waongo.

Kesho yake asubuhi nilificha gunia langu chini ya kanga ili kaka asilione, niage upesi. Nilimuuliza wifi watakula nini hadi mvua zije.

"Tutauza ng'ombe wa kulimia," akasema. "Na matuta tukiyarudisha, mbegu tutaomba kwa nani, wifi? Kijiji kizima kiling'oa."

Kwetu binti aliyeolewa haondoki kwao na gunia tupu. Kaka alilivuta lile gunia chini ya kanga, akaenda kwenye kihenge, akalijaza pamba bila kuishindilia na kulishona mdomo.

"Chukua, mdogo wangu. Bei ikipanda utauza huko mjini."

Kukataa kungemvunja. Nikajitwisha.

Alasiri nilishuka Nyamagana. Maduka ya sokoni yalikuwa yamepanga magunia ya mchele wa ng'ambo na unga wa ngano hadi dirishani. Nilisimama pale na pamba yangu kichwani, nikaelewa kitu ambacho sikuwahi kukifundisha: chakula kilikuwepo, kimevuka bahari kutufikia, na waliokihitaji walikuwa wamelala juu ya zao ambalo bei yake ilipangwa na watu wasiojua Magu iko wapi. Na aliyewaambia wang'oe viazi ni mimi. Hilo sikuweza kumsingizia mtu wa ng'ambo.

Jioni, Mkolani, watoto walinikimbilia. Neema, kitindamimba wangu wa miaka sita, alilikamata gunia akaliinua kidogo kutoka chini peke yake, akacheka kwa kushangaa nguvu zake. Kaka zake wawili hawakucheka. Wao walishawahi kubeba gunia la michembe, walijua uzito wake.