Exception ya C++ ilivyoiua programu yetu ya mizani mbele ya foleni ya malori

Wakuu, hodi humu ndani. Hii sikuhadithiwa, imenikuta mwenyewe hapa Lubumbashi, na chumvi sitii.

Mimi naandika Python. Mwenzangu Ngalula, tuliyesoma naye chuoni Kasapa, ni mtu wa C++. Tulipata kazi kwenye yadi ya malori yanayoelekea mpakani Kasumbalesa: programu ya kupimia uzito. Yeye library, yaani kipande cha code cha kuusoma uzito kwenye mizani, mimi screen na risiti. Python yangu inaiita C++ yake, basi.

Ofisini programu ilikuwa inateleza tu.

Yadini ikawa inakufa. Hakuna error, window inapotea tu, lori liko juu ya mizani na mengine nyuma yanapiga honi.

Mimi try/except za kudaka makosa nilikuwa nimeweka kila mahali, kwa hiyo nikasema tatizo ni la Ngalula. Naye akasema C++ yake ikijaribiwa peke yake haina shida, tatizo ni langu. Tukafikia kuandikiana email, na tunakaa meza moja. Chekeni tu.

Papa Ilunga, mwenye yadi, akatuita wote wawili akatwambia kwa upole kwamba hali ikiendelea hivi atatafuta watu wengine.

Tukashuka yadini pamoja. Ngalula akachomoa waya wa mizani makusudi. Programu ikafa palepale.

Kumbe waya ukilegea, C++ inarusha exception, yaani ishara ya hitilafu, na exception ile haivuki kuingia Python. Except yangu haiioni kabisa. Ikikosa wa kuidaka, inaua programu nzima.

Akaidaka upande wake, akaipanga library irudishe sifuri kukiwa na hitilafu. Tukaenda kula bukari, ugali wa kwetu, kwa furaha.

Kesho yake lori limejaa shaba, risiti inasema kilo sifuri.

Papa Ilunga akaitazama, kisha akanitazama mimi. "Ile ya kufa ilikuwa afazali. Hii sasa iko inatudanganya."

Nilikosa pa kuficha uso. Ngalula angeweza kunisukumia mimi lawama, maana risiti ni yangu. Lakini alisema ni kosa letu sote wawili: "Papa, hii kosa iko ya shiye bote babili. Utuachie leo."

Tukakaa kwenye laptop moja. Sasa library inarudisha vitu viwili mbalimbali: hali na uzito. Hali ikiwa mbaya, Python inarusha exception yake yenyewe, screen inaandika "Mizani haijibu, angalia waya", na risiti haitoki.

Mchana uleule waya ukalegea wenyewe. Mpimaji akasoma screen, akaukaza, akaendelea na lori lililofuata. Wala hakutuita. Ngalula alinipiga kofi la mgongo hadi nikakohoa.

Nilichojifunza: kila lugha idake makosa yake nyumbani kwake, iyapeleke upande wa pili kama jibu lililo wazi. Na sifuri ni namba kama nyingine, usiitumie kusema "sijui".

Wale wa Rust na Java, kwenu mnafanyaje? Nirekebisheni bila huruma, Ngalula naye anausoma uzi huu.