Damu Iliyotolewa Baada ya Sindano

Kuna siku moja ya ujana wangu ambayo haijanitoka, mwanangu. Kwa kuwa wiki ijayo unaanza kazi kwenye utafiti wa homa za wodini, ni afadhali uisikie kutoka kwangu kuliko kwa watu.

Nilikuwa muuguzi mpya katika hospitali moja hapa Kasulu. Walikuja madaktari kuchunguza homa zinazowapata akina mama baada ya kujifungua: ni vijidudu gani, na dawa ipi inaviua. Nikachaguliwa kuwasaidia kwa sababu mimi ni Muha, naweza kuwaeleza wagonjwa kwa lugha ya nyumbani. Nilijiona mkubwa, nisikufiche. Sharti kubwa lilikuwa moja: damu itolewe kabla ya sindano ya kwanza, maana dawa ikishaingia mwilini, vijidudu vinaweza visiote maabara hata kama vimo.

Asubuhi hiyo aliletwa Anastazia kutoka Titye, siku ya nne tangu ajifungue, mwili unawaka. Nikakaa naye na mumewe, Laurenti, nikawaeleza kwa Kiha kwamba damu yake itamsaidia yeye na wenzake. Akakubali, akaweka dole gumba. Chupa za damu zilikuwa maabara, ng'ambo ya uwanja, na mvua ilikuwa kubwa. Nikamchoma sindano, nikasema chupa nitazifuata mvua ikipungua. Nilipokuja kutoa damu, saa nzima ilikuwa imepita. Kwenye fomu nikaandika kwamba nilitoa damu kwanza.

Siku ya tatu tangu aletwe, majibu yakaja: hakuna kilichoota. Kipimo cha malaria kilikuwa kimeonyesha wadudu wachache, basi daktari akaamini ni malaria peke yake, akasimamisha zile sindano. Nilikuwa nimesimama palepale, nimeshika faili lake. Nikafungua mdomo, nikaufunga.

Homa ilirudi kwa nguvu. Wakazirudisha sindano, lakini Anastazia akafariki mchana wa siku ya sita, maziwa yamelowesha kanga yake.

Nilikaa na jambo hilo wiki nzima, kisha nikamwambia Sista Veneranda, msimamizi wa wodi. Hakupaza sauti.

"Angepona, Sista?" nikamuuliza.

"Huenda. Na huenda angekufa tu. Wewe ndiye uliyefanya tusijue." Akavua miwani yake. "Twende kwa daktari umweleze. Halafu tunakwenda Titye."

Laurenti tulimkuta uani anapiga maharage, mama yake amembeba mtoto. "Mwakeye," akatusalimu, akatutolea viti. Nilimweleza yote, hata uvivu wangu wa kulowa. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Alikuwa anaogopa kutolewa damu," akasema. "Alikubali kwa sababu ulizungumza naye Kiha."

Akaokota fimbo yake, akaendelea kupiga maharage. Hakunifukuza, wala hakunisamehe.

Niliondolewa kwenye utafiti, ile fomu ikafutwa. Nimeuguza watu miaka mingi tangu hapo, wengi wamenishukuru, na hakuna shukrani iliyowahi kulifunika neno la yule baba. Sikusimulii ili unihurumie. Bado linaniuma, na ni haki yangu liniume.

Wewe pia utakosea, mwanangu. Utachoka, utasahau, utaogopa wakubwa zako. Siku hiyo andika kosa lako kama lilivyo, kwa saa yake, na umwambie daktari kabla hajaamua juu ya mgonjwa. Fomu iliyoharibika inatupwa, basi, yameisha. Ya uongo inakwenda kumtibu mtu. Na anayekukunjulia mkono wake kwa kuwa unasema lugha yake, huyo mwogope kuliko daktari yeyote.

Nenda, mama. Mungu akupe mkono mwepesi na ulimi usiokwama pale ukweli unapohitajika. Akuzeeshe vizuri, ulale usingizi ambao mimi sijaupata.