Barua ya Msiba wa Mama Yangu

Nawasimulia aibu hii kwa sababu mtaa mzima wa Viwanja Sitini wanaijua, bora muisikie kwangu kuliko kwa wanaoiongezea chumvi. Hasira ninazo bado, ila sasa sijui nimkasirikie nani.

Mpunga wetu kule Idete ulianza kuiva, ndege wakaushukia kama wamealikwa, na mimi nina mtoto mchanga mgongoni, mume yuko safari (kila mpunga ukiiva yeye ana safari), nikaona nimchukue Neema wangu wa darasa la nne akaamie ndege, awafukuze shambani, wiki moja tu. Sasa shuleni ruhusa haitolewi kwa ajili ya ndege. Nikaandika barua kwamba bibi yake mzaa mama amefariki, tunakwenda kuzika Mahenge. Wiki moja ikawa tano.

Mtihani wa majaribio ukaja, Neema akashika mkia, tukaambiwa akifanya hivyo kwenye mtihani wa taifa atarudia darasa. Nikawaka. Ulipoitwa mkutano wa wazazi nikaenda na mama yangu mzazi, maana yeye akisema watu hunyamaza, tukakaa mbele kabisa.

Afisa elimu kutoka halmashauri akaeleza kwamba familia zinazohamia huku bondeni kwetu ni nyingi, watoto wanaongezeka kuliko madarasa, na ruzuku huja kwa idadi ya walioandikishwa, tena huchelewa. Nikasimama. Nikasema watoto wanakaa wanne dawati moja, mmoja akiandika wengine wanasubiri kiwiko kipite, hayo madawati yatakuja lini, na walimu wasisingizie wingi wakati hawafundishi. Wazazi wakapiga makofi. Hapo ningekaa. Lakini makofi ni matamu, sikukaa.

"Mwanangu hakosi shule bila sababu," nikasema. "Leteni daftari la mahudhurio lisomwe hapa hapa."

Madam Rehema, mwalimu wa darasa, mpole utadhani sijamtukana, akafungua daftari. "Mama Neema, pole tena. Wiki tano hakuwepo, na kweli sababu ipo, barua yako hii hapa." Akaisoma yote. Akaongeza kwamba darasa zima lilisimama kumwombea marehemu.

Mama akanigeukia taratibu. "Aliyekufa nani?"

"Mama, tulia."

"Nimetulia. Nauliza, nimekufa lini?"

Afisa akainamia makaratasi yake, mabega yakitikisika kwa kicheko. Baba mmoja kule nyuma akasema, "Shikamoo, marehemu," na mama, kwa kuwa heshima ni heshima, akaitikia, "Marahaba."

Kinachoniuma si kicheko. Habari ya madawati ilifia pale pale. Kila mzazi aliyesimama baada yangu aliulizwa kwanza mwanawe alikuwa shamba gani. Watoto bado wanne dawati moja, na aliyewapa wakubwa pa kupumulia ni mimi.

Madam Rehema amekubali kumfundisha Neema asubuhi kabla ya kengele (angeweza kukataa, ningemwelewa). Nami nimeapa, mpunga ujao nitaamia ndege mwenyewe na mtoto mgongoni, wakila wale. Na mkutano ujao nitauliza madawati tena, daftari la Neema likiwa halina pengo hata moja, tuone watanijibu nini.

Mama amenisamehe, kwa sharti alilonipa njiani tukirudi.

"Siku nikifa kweli," alisema, "barua ya shule aandike mtu mwingine."