Mama wa Ubatizo Asiyepiga Kura

Hermelinda Barrientos hajawahi kupiga kura maishani mwake. Alipoondoka kwao Guatemala umri wake haukuruhusu, na hapa North Carolina, ambako kwa zaidi ya miaka ishirini amekuwa akitenga nyama ya kuku na mifupa kiwandani, hana karatasi za kuishi nchini. Lakini mwaka ule watu wa mtaa wetu walipomwondoa sherifu, yeye ndiye aliyewafikisha kwenye kituo cha kupigia kura.

Sherifu wa wilaya yetu, mkuu wa polisi anayechaguliwa kwa kura, alikuwa na mtindo wake. Askari wake walisimamisha magari karibu na kiwanda wakati wa kubadilishana zamu. Ukikosa leseni, na asiye na karatasi hapewi leseni, ulilala ndani, ukachukuliwa alama za vidole, kisha ukakabidhiwa kwa watu wa Uhamiaji wakurudishe kwenu. Hivyo ndivyo alivyoondoka Wilfrido, kaka yake Hermelinda, kwa sababu ya taa ya nyuma iliyokufa. Hakurudi hata kuchukua nguo zake. Tangu hapo Hermelinda aliendesha kwenda kazini akiwa ameshika usukani kwa mikono miwili, midomo ikisali, akijua kuwa siku yoyote anaweza kumfuata kaka yake.

Mwaka 2014 sherifu alikuwa anagombea tena. Mpinzani wake, polisi mstaafu, alisema waziwazi kwamba hatamkabidhi mtu kwa kosa la leseni. Kwa Hermelinda hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko hotuba zote za televisheni.

Shida ilitoka kwetu wenyewe. Rais alikuwa ameahidi kwamba kabla ya kiangazi kuisha angechukua hatua juu ya uhamiaji, maana bunge lilikuwa limekalia mageuzi ya sheria. Kiangazi kikaisha, naye akaahirisha hadi baada ya uchaguzi, ili wagombea wa chama chake wasipate taabu. Mtaa mzima ulichukia. Watu wenye haki ya kupiga kura, ambao hata hivyo hawakuwa wengi, wakasema mwaka huu hawaendi.

Aliyesema kwa sauti zaidi alikuwa Don Fidencio Xuyá. Yeye alipata karatasi katika msamaha wa zamani wa wahamiaji, akawa raia, na hakuwahi kukosa uchaguzi. Wengi walimfuata yeye. "Wakitaka kura sisi ni ndugu," alikuwa akisema. "Wakishazipata, sisi ni tatizo." Binti yake Heidy, aliyezaliwa hapa na ambaye angepiga kura kwa mara ya kwanza, akasema vivyo hivyo. Hermelinda ndiye mama wa ubatizo wa Heidy, kwa hiyo yeye na Don Fidencio huitana kompadre na komadre, na kati ya watu wa namna hiyo ombi halikataliwi hivihivi.

Hermelinda alianza na Heidy, jikoni kwake mwenyewe, wakifunga tamale, unga wa mahindi wenye nyama, kwenye maganda ya mahindi.

"Siendi, Mama Linda," Heidy alimwambia. "Nafanya hivi kwa ajili yako. Wamekuacha nje, na mimi nawasusia."

"Unamsusia nani? Rais hata hatajua kama hukwenda. Atakayejua ni sherifu, na atafurahi."

Heidy akachukua ganda jingine.

"Hasira zako nazipenda, mwanangu. Ila zinanipiga mimi, wao haziwafikii."

Heidy akasema kwamba hawezi kwenda huku baba yake amekaa nyumbani akitukana uchaguzi. Baba akienda, naye ataenda. Hermelinda akaelewa mlango ulikuwa wapi. Lakini Don Fidencio alikuwa ametangaza kwamba hamfungulii mtu yeyote atakayekuja kumsemesha habari za kura, awe komadre au askofu.

Siku ya uchaguzi tulitoka zamu alasiri. Waliopita kituoni, kwenye jengo la zima moto, walisema ndani mna wasimamizi na viti tu. Hermelinda alikwenda nyumbani, akaondoa ukutani gamba lake la kobe, lile analopiga kila Desemba kwenye posada, tunapozunguka na sanamu za Maria na Yosefu kutafuta malazi mlango kwa mlango. Walio nje huimba kuomba, walio ndani huimba kukataa, na mwisho hufungua. Yeye ndiye kiongozi wa posada ya mtaa wetu. Akatukusanya tuliokuwa karibu.

"Linda, Krismasi bado," mmoja alimtania.

"Mwaka huu Yosefu na Maria wamewahi. Twende."

Tukasimama mlangoni kwa Don Fidencio. Ndani mpira ulikuwa ukiendelea kwenye televisheni. Gamba likaanza, nasi tukaimba ubeti wa kuomba. Televisheni ikazimwa. Kisha, kutoka nyuma ya mlango, tukasikia sauti nzito ya Don Fidencio ikiimba ubeti wa kukataa, kama ilivyoimba kila mwaka tangu tumjue. Katikati ya ubeti ikapungua, ikakatika. Alikuwa ametambua alichokifanya. Kwetu, aliyejibu posada ameshakuwa mwenyeji, na hakuna mwenyeji anayewaacha Maria na Yosefu nje. Tulimsikia akijilaani taratibu. Kisha akaumalizia ubeti, na mlango ukafunguka.

"Mmenichezea," alisema.

"Umejibu mwenyewe, kompadre."

"Ulimi ndio umejibu."

"Basi na miguu ifuate."

Hakucheka. "Nikienda, nitakuwa nimewasamehe."

"Usiwasamehe. Nenda na hasira zako zote. Pale hawaulizi kama mtu amefurahi."

Akachukua kofia. Heidy alikuwa nyuma yake, koti tayari mwilini.

Kutoka hapo ikawa rahisi. Waliposikia sauti ya Don Fidencio nje, watu walifungua kabla ubeti haujaisha. Wenye haki ya kupiga kura waliingia kwenye msafara, wasio nayo wakabeba watoto na kuimba. Tulipokaribia jengo la zima moto Hermelinda akanyamazisha gamba, kwa kuwa kelele haziruhusiwi pale, akabaki ng'ambo ya barabara. Msimamizi mmoja, bibi wa Kizungu, alimuuliza Heidy kama leo kuna sikukuu. Heidy akajibu kwamba itajulikana kesho. Foleni ilifika barabarani. Milango ilipokaribia kufungwa, Don Fidencio aliipita foleni yote akiwaambia watu wasiondoke, aliye kwenye foleni hafukuzwi.

Sherifu alishindwa kwa tofauti ya kura chache kuliko idadi ya watu wa foleni ile. Kiwandani, asubuhi, wanawake waligonga meza kwa mipini ya visu hadi msimamizi akaja kuuliza mashine gani imeharibika. Desemba sherifu mpya aliapishwa, na wiki hiyohiyo akafuta utaratibu wa kukabidhi watu. Hermelinda aliendesha hadi misa ya Jumapili kupitia barabara kuu, dirisha wazi, mkono mmoja ukining'inia nje.

Tangazo la rais lilikuja baada ya uchaguzi, likakwama mahakamani, na halikumgusa. Sheria bado haijabadilishwa. Lakini uchaguzi wa mji ulipokaribia, mgombea mmoja alikuja mtaani kwetu na mkalimani, jambo ambalo hatukuwahi kuliona, akamwomba Don Fidencio amwonyeshe watu wanaopiga kura. Don Fidencio alimwelekeza kwa Hermelinda.

"Huyo hapigi kura," alimwambia. "Ila ukizitaka, anza na yeye."