Mto Kobuk Juu ya Meza Yetu

Majira yote ya baridi nilipokuwa na miaka kumi, nyumba yetu ya mji wa Laurel, huku ughaibuni, ilinuka unga mbichi wa ngano uliokandwa kwa chumvi. Mwalimu alikuwa ametugawia mito ya dunia kwa kura. Kila mtoto aufinyange mto wake, kisha aueleze mbele ya wazazi. Mimi nilikuwa na miezi mitano tu tangu nitoke kisiwani Ukerewe, Kiingereza changu cha kuokoteza, nikaangukiwa na Mto Kobuk, kaskazini mwa Alaska. Baba, aliyekuwa akihudumia wazee, alirudi kazini na vitabu vya maktaba, akavua viatu, tukaanza kukanda milima.

Alikuwa mtoto wa wavuvi, kwa hiyo mto hakuuanzia kwenye ramani, aliuanzia kwa samaki. Alitaka kujua shifishi, samaki wa rangi ya fedha mwenye taya kubwa kama sangara, anakula wapi na anazalia wapi. Tulimfuata kwa kidole kutoka ghuba ya magharibi yenye maji ya chumvichumvi, akipanda mamia ya kilomita, akipita vilima vya mchanga mtupu huko huko Aktiki, hadi kwenye changarawe karibu na milima. Hapo hutaga majani yanapopukutika, kisha hurudi ghubani. Mama alilalamika kwamba tunakula sahani zikiwa magotini kwa sababu meza imekuwa Alaska.

Siku ilipofika, mwalimu, kwa nia njema, alimwomba msichana mwingine anisomee. Baba alikuwa amesimama nyuma na sare yake ya kazi. Alikuja akaniinamia.

“Mto huu hauna mtu wake hapa,” alisema. “Leo mtu wake ni wewe.”

Nikaomba karatasi yangu. Nilikosea maneno mengi, na mtoto mmoja akacheka; nikalirudia neno lile lile, nikaendelea. Mzazi mmoja akauliza kwa nini samaki asizalie karibu na bahari. Nilimjibu bila kusoma: mayai yanataka mawe masafi na maji yanayokimbia, kwenye tope yangekosa hewa. Baba alianza kupiga makofi kabla ya wote, na akawa wa mwisho kuacha.

Leo naishi mji wa Riverdale Park, si mbali na Laurel, na kazi yangu ni kuchunguza samaki wa mito ya huku. Mwanangu ameuona Kobuk wote kwenye simu, akaniambia kwa Kiingereza kwamba ni mzuri. Anauona vizuri kuliko nilivyowahi kuuona mimi, ambaye sijafika huko bado. Ila wataalamu wenzangu wakiniuliza nilisomea wapi mito, nataja chuo, kisha naongeza jina la baba yangu.