Adhana katika maternite ya masista

Wakati wa vita, sisi wa Uvira tulitibiwa kwa mituelle, mfuko wa wagonjwa wa parokia. Kanuni yake ilitaka mtoto abatizwe ndipo aandikwe. Mimi Mwislamu, mimba miezi minane, nikawaka mbele ya sista msimamizi wa maternite, wodi ya wazazi: "Miye nitazalia hapa, na mutoto wangu hamutamubatiza!" Akatoa karatasi ya kanuni, akaukata mstari wa ubatizo kwa kalamu.

Siku niliyojifungua, risasi zililia mtaa wa jirani wa Kavimvira, wodi nzima ikapiga kelele. Mume wangu akamwinamia binti yetu amsomee adhana sikioni, kama desturi yetu. Sista akafoka: "Nyamazeni! Mutoto anaitiwa sala!"

Wakanyamaza. Adhana ilipokwisha, akina mama wote wakafanya ishara ya msalaba. Nilicheka mpaka mishono ikaniuma.