Jicho la Mishi na Mashine Mbili

Ukitaka kumkasirisha Mishi, mwambie macho yake ni mazima. Huyu ni mchoraji hina wa Kariobangi, amepamba maharusi wa mtaa mzima, na mwenye kazi hiyo hapuuzi jicho. Kila jua likizama, jicho lake la kushoto lilimpwita kama jino bovu, na kila balbu ikavaa pete za rangi rangi. Akaenda kliniki.

Daktari Ndirangu alikuwa na mashine mpya ya mwanga, fahari yake. Mishi aliegemeza kidevu, taa za chumba zikiwaka zote, na kufumba na kufumbua picha ikatoka, safi kabisa. Daktari akapima sehemu ya mbele ya jicho, akaona njia ya kutolea maji ya jicho iko wazi. Kisha akautazama wanja wake.

"Mama, macho yako iko sawa. Shida ni hiyo wanja."

Wanja! Alioupaka yeye tangu utotoni, kama walivyoupaka mama yake na bibi yake aliyetunga uzi kwenye sindano hadi uzeeni bila miwani. Lakini mwenye shida hachagui, akauosha wote. Jicho likazidi kumuuma. Akarudi, akapigwa picha ileile nzuri, kisha akaulizwa kwa ukali kama kweli ameacha kupaka. Mtu mzima kusutwa kama mtoto aliyedokoa sukari! Ilimchoma kuliko jicho lenyewe.

Mara ya tatu alikataa kuinuka kitini. Alisema maumivu yake huja gizani, na yeye anapimwa kwenye taa. Ndirangu akainuka. Akampeleka chumba cha pili, akafunua mashine kuukuu ya mawimbi ya sauti, jamaa ya ile ya kupimia wajawazito. Akamlaza, akamtia dawa ya ganzi, akaweka kikombe kidogo cha maji juu ya jicho, akapunguza taa. Picha ilikuwa na chengachenga, lakini ilipenya pale mwanga unapokomea, nyuma ya duara la rangi ya jicho. Nyama ya huko ilikuwa imelisukuma duara mbele, nalo likaziba njia ya maji kila giza lilipoingia na mboni kupanuka. Presha ya maji yaliyozuiwa ilikuwa imeshaula mshipa wa kuonea.

Matibabu yapo, alisema daktari kwa sauti ya chini, ila kilichopotea hakirudi.

"Na mashine hii ilikuwa hapa siku zote?"

Ilikuwepo. Akajitetea kwamba ile ya mwanga ni ya haraka na haigusi jicho, na hii ina kazi nyingi. Basi ni uvivu tu! Uvivu wa mtu mwenye elimu yake ndio uliompunguzia Mishi dunia upande mmoja.

Kwenye benchi nje alikaa Mzee Wehliye, muuza magodoro wa mtaa wa Pipeline. Asubuhi yeye na Mishi walikuwa wamesimuliana habari za pete za balbu, maana naye alikuwa akiziona. Mzee alipoitwa, Mishi alisimama mlangoni pa chumba cha mashine mpya, akauziba kwa buibui lake.

"Huyu mlaze kwanza kule," akamwambia daktari.

Ndirangu akamtazama, kisha akarudi kuiwasha ile kuukuu.